Wanawake wanakwamia ngazi ipi? Namna ya kukagua mishahara na vyeo kazini

Mwanamke akilalamika kwamba anarukwa kwenye vyeo, jibu huja haraka: "Sisi tunaangalia uwezo tu." Jibu hilo haliwezi kupimwa. Orodha ya malipo na mafaili ya wafanyakazi yanapimika, na watu wawili walioruhusiwa kuyaona wanatosha kwa kazi hii.

Chagua tarehe moja, kisha mpe kila mfanyakazi mstari wake kwenye jedwali: jinsia, cheo, daraja, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kupanda cheo mara ya mwisho, saa za mkataba, mshahara wa msingi, na kila posho katika safu yake. Posho usizichanganye na mshahara. Mishahara ya msingi mara nyingi hulingana kwa kuwa imefungwa kwenye madaraja. Tofauti hujificha kwenye posho za kukaimu, za safari, saa za ziada na bonasi. Wanaofanya kazi saa chache, geuza malipo yao yawe ya saa moja kabla ya kuwalinganisha na wengine.

Sasa panga malipo ya wanawake kuanzia dogo hadi kubwa, uchukue lile la katikati. Fanya vivyo hivyo kwa wanaume. Wastani wa kawaida hupotosha, maana mkurugenzi mmoja tu huuvuta juu. Ikiwa la wanaume ni 1,000 na la wanawake ni 850, tofauti ya 150 ukiigawa kwa 1,000 unapata pengo la asilimia 15. Rudia hesabu ndani ya kila daraja. Pengo likiwa kubwa kwa taasisi nzima lakini dogo ndani ya madaraja, huenda wanawake wamejazana madaraja ya chini, hivyo hamia kwenye upandishaji vyeo.

Usiishie kulinganisha wenye cheo kimoja. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, hata kama majina ya kazi yanatofautiana. Ipe kila kazi alama kwa ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira yake. Inayopewa alama ni kazi, siyo aliyeishika.

Kwenye vyeo, chukua miaka mitatu iliyopita. Tuseme daraja la chini lina wanawake 40, wakapanda 4, na wanaume 30, wakapanda 6: asilimia 10 kwa 20. Ikague kwa makini zaidi ngazi ya kwanza ya usimamizi. Wanawake wakikwama hapo, miaka michache baadaye bodi itasema haioni mwanamke wa kumteua, na itakuwa inasema kweli. Kundi likiwa na watu wachache, andika idadi badala ya asilimia.

Halafu soma tathmini za utendaji majina yakiwa yamefunikwa. "Mchangamfu, anasaidia wenzake" haimpandishi mtu cheo. "Aliongoza mradi ukaisha kwa wakati" inampandisha. Hesabu pia nani aliandika kumbukumbu za vikao kwa miezi mitatu na nani alikabidhiwa miradi. Kazi zisizoandikwa popote ndizo zinazowala wanawake muda.

Likizo ya uzazi inahitaji hesabu yake, na hapa uonevu hufanyika bila mtu kuukusudia. Mkataba Na. 183 wa Shirika hilo la Kazi, wa mwaka 2000, unaweka likizo isiyopungua wiki 14, hivyo mwaka wa aliyejifungua unabaki na wiki 38 kati ya 52. Lengo lilikuwa mafaili 120? Lake ni 120 × 38 ÷ 52, karibu 88. Akipimwa kwa 120, ameshafelishwa kabla hajarudi.

Mapengo ya malipo yazibwe kwa kumpandisha aliyepunjwa. Kumshusha mwingine huzaa chuki tu. Nafasi zote zitangazwe kwa maandishi, hata za kukaimu, kwa sababu aliyekaimu kimyakimya ndiye huja kuonekana "mwenye uzoefu". Kwenye usaili, maswali yawe yale yale kwa kila mwombaji, na kila msaili aandike alama zake kabla ya mjadala kuanza. Mkubwa akisema kwanza, wengine humfuata.

Ripoti isioneshe kundi lenye watu chini ya watano, wasije wakatambulika. Kila pengo liandikiwe mhusika wa kuliziba na tarehe, na baada ya miezi 12 hesabu irudiwe kwa kanuni hizo hizo.