Namna ya kuandika maisha ya muzee mwanamuziki wa ku kwenu

Hapa Lubumbashi, ku komini ya Kenya (haiko ile inchi ya Kenya), ku Katuba, ku Kamalondo, karibu kila fasi iko muzee moja mwenye alipiga gitari ao bas ao alikuwa anaimba mu orkestri fulani, na batu ya mu lupango banamujua paka vile, "ule alikuwaka mwanamuziki", inaishia pale. Siku anakufa banaleta baflo moja ku kilio, banapiga Franco usiku muzima, na nyimbo yake yeye hata moja haipigwe juu hakuna mwenye anajua iko wapi. Mimi naona hii ni hasara kubwa sana na inafanyika kila mwezi, njo maana naandika hii, mutu yeyote mwenye eko na telefone na kaye (daftari) anaweza kuifanya, haiombe diplome.

Bale bakubwa bameisha kuandikwa. Tunajua Franco alikufa tarehe 12/10/1989 kule Namur, Ubelgiji. Tunajua Papa Wemba alianguka ku jukwaa Abidjan tarehe 24/4/2016, video iko, dunia yote iliona. Hata huku kwetu, Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, maisha yake iko na alama: Hugh Tracey, muzungu mwenye alikuwa anazunguka Afrika kurekodi muziki, alimuanrejistre mu 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo, wimbo yake "Masanga" ikazunguka dunia, mu 1969 akapiga ku festivali ya Newport kule Marekani, mu 1990 akakufa na aksidan ya barabara kule Zambia. Sasa niambie, mu ile muziki ya Katanga ya miaka ya 1950 pembeni ya gitari kulikuwa mara mingi mutu mwenye anapiga chupa, anaigonga na musumari ao kisu, na ile chupa njo ilikuwa inashika muziki yote isianguke. Majina ya bapiga chupa iko wapi? Basi usianze na star. Chagua muzee mwenye hakuna mutu alimuulizaka kitu, mupiga ritme, mupiga tumba, mwenye alibeba bampli, na umukamate yeye moja tu mpaka umalize, usikimbie ku batano kwa mara moja.

Siku ya kwanza usitoshe telefone. Nenda na mutoto wake ao mujukuu, mutu ya nyumba, salimia vizuri, ikaa, na useme wazi unatafuta nini na ile kazi itaenda wapi. Bazee bengi bameisha kuona batu banakuja na mikro, banachukua foto na diski za zamani, banasema "tutarudisha", na hawarudi. Kwa hiyo ahidi kitu kidogo chenye unaweza kutimiza: Papa, kila kitu nitachukua sauti yake utabakia na kopi, na hakuna diski itatoka mu hii nyumba. Na usiitoshe kweli, hata wao wenyewe bakikubalia.

Sasa kosa yenye kila mutu anafanya ni kuuliza "ilikuwa mwaka gani?" Muzee atakupa mwaka, juu anakuheshimu hapendi kukuacha mikono mitupu, lakini ile mwaka mara mingi haiko ya kweli. Uliza bintu byenye biko pembeni ya ile mwaka. Feza, kwa mfano: walikulipa na nini? Kama anasema feza ya Katanga, uko wakati ya Tshombe, pale Katanga ilijitenga na Congo, kati ya julai 1960 na januari 1963. Kama ni zaire, ni kisha 1967. Kama ni nouveau zaire, ni 1993 kwenda mbele, na kama ni hii franc congolais ya leo basi umefika 1998. Mji nao inasema: kama ku karatasi ya zamani ao ku mugongo ya foto iliandikwa Élisabethville, ile karatasi kawaida ni ya mbele ya 1966. Kazi pia, juu banamuziki bengi ya huku walikuwa banatumika mchana na kupiga usiku, na mwenye anasema "nilikuwa Union Minière", ile kampuni ya migodi, anaongea mambo ya mbele ya 1967. Omba kuona ile kitabu yake ya kazi, bazee banaichunga vizuri kuliko hata foto ya ndoa.

Na majina! Mobutu alibadilisha inchi kuwa Zaïre tarehe 27/10/1971, na kisha mu 1972 batu walitupa majina ya kikristu, kwa hiyo Rochereau akabakia Tabu Ley na Docteur Nico akaandikwa Kasanda wa Mikalay. Muzee wako pia atakuwa na majina mbili, ya mbele na ya nyuma, na pengine na jina ya tatu ya jukwaa. Andika yote tatu mu paji ya kwanza ya kaye. Usipofanya vile utapata diski na jina ya zamani, utaiacha, kumbe ilikuwa yake.

Bibi yake, kama eko, ni lazima aikae pale. Nasema hivi na nguvu yote juu bengi banamutuma mama kupika wakati ya kuongea na baba, na kumbe mama njo mwenye date. Muulize: wakati Papa alienda na orkestri Kolwezi, mutoto gani ulikuwa naye mu mugongo? Ule mutoto eko na akti ya kuzaliwa, na pale umepata mwaka bila kubishana. Mama pia njo anajua feza ilifika nyumbani ao haikufika, nani alikuja kukomboa gitari, ile wiki orkestri ilivunjika kulikuwa nini. Na kama mama yeye mwenyewe alikuwa anaimba, basi fungua kaye ingine.

Kisha muulize juu ya batu, moja moja. Mimi napenda kumuomba muzee achore jukwaa mu karatasi: wewe ulisimama wapi, nani kuume yako, nani kushoto, solo ni nani, mi-solo ni nani, bas, tumba, koro, saksofoni kama ilikuwa. Ile kichoro inatosha majina mingi kuliko saa mbili ya maulizo, juu kichwa inasahau lakini mwili inakumbuka fasi ilikuwa imesimama. Kisha uliza swali ya pili, yenye iko kubwa kuliko yote: bampli na magitari ilikuwa ya nani? Mu orkestri mingi vyombo vilikuwa vya patro (mukubwa wa kazi), na mwenye vyombo njo alikuwa na sauti ya kusema nani analipwa na nani anafukuzwa. Ukijua vyombo ni vya nani utaelewa kwa nini orkestri ilipasuka. Angalia Baba Gaston, mutu wa huku kwetu, alitoka na orkestri yake mpaka Tanzania na kisha Nairobi, na mu 1976 kundi ya banamuziki yake wakamuacha kule kule Nairobi wakafanya Les Mangelepa. Ile mambo batu wanaisimulia leo sawa hadithi ya kuchekesha, lakini ndani yake kuko batu benye walikuwa mbali na kwao, na bibi na batoto, banatafuta mushahara.

Ile njia ya Nairobi na Dar es Salaam uiulize sana, juu Lubumbashi ilipoteza banamuziki bengi kule. Super Vox iliyozaliwa 1967 ilipita Zambia, ikafika Kenya mu 1974 na jina ya Super Mazembe. Remmy Ongala wa Kindu aliingia Dar mu 1978, akabakia kule mpaka kifo yake 2010, na Watanzania wanamuhesabu ni wa kwao. Kama muzee wako anasema "mwenzangu alienda Nairobi hakurudi", usipite. Uliza jina yote, kijiji, jina ya dada yake, juu ile jamaa pengine ingali inamungojea mu avenyi ya pili na wewe unaweza kuwaletea habari.

Kuhakikisha. Hii haitaki kumuonyesha muzee eko mwongo, hapana, kichwa ya kila mutu inaunganisha bintu. Mfano muzuri ni ile festivali ya muziki ya Kinshasa ya 1974, na mechi ya ngumi ya Ali na Foreman. Bengi watakuambia walisikia James Brown na wakaona Ali anamupiga Foreman ile wiki ile ile. Haikuwa vile. Muziki ilifanyika tarehe 22 mpaka 24 septemba, na mechi ilikuwa ifuate tarehe 25, lakini Foreman akapasuka juu ya jicho mu mazoezi, ikasukumwa mpaka tarehe 30 oktoba. Kwa hiyo mwenye anasema "nilienda Kinshasa nikaona vyote viwili", muulize tu kwa upole: Papa, ule mwezi katikati ulilala kwa nani? Kama alikuwa kule kweli atakutajia jina ya mwenye nyumba na mambo mingi yenye haukuuliza. Kama hakuwa, yeye mwenyewe atasema pengine nilisikia ku radio, na ile pia iandike, juu mutu mwenye alisikia ku radio ni shahidi wa radio.

Ku mambo ya "nani alitunga" uende pole pole sana. "Shauri Yako" Afrika ya mashariki yote inaijua na Super Mazembe, lakini mutunzi ni Nguashi Ntimbo, mwenye aliiimba na Orchestre Festival du Zaïre. Kama wimbo mukubwa sawa ule unaweza kubadilisha mwenyewe mu vichwa ya batu, basi wimbo mudogo ya ku Katuba je? Andika hivi: muzee fulani anasema alitunga yeye, mwenzake fulani anasema walitunga wawili. Acha yote mbili isimame. Wewe hauko tribinali.

Sasa diski na kaseti, pale nitakaa kidogo juu batu wanaharibu bintu na roho muzuri. Ile santuri nzito ya zamani, yenye inazunguka 78, yenye ukiiangusha inavunjika sawa sahani, usiipanguse na alkol hata kidogo. Imetengenezwa na kitu chenye alkol inayeyusha, utafuta muziki na mikono yako. Tumia kitambaa laini na maji safi kidogo sana, karatasi ya katikati isilowe, na uikaushe imesimama, usiiweke ku jua. Piga foto ya pande zote mbili, karibu, mpaka nambari zisomeke, na inamisha diski ku mwanga uone nambari zenye zimechorwa ndani ya plastiki karibu na karatasi. Zile nambari njo kitambulisho. Jina ya kampuni nayo inasaidia: Ngoma ilianza 1948, Loningisa 1950, na Mwenda alitoka sana ku Gallotone ya Afrika Kusini.

Kaseti: mbele ya yote vunja zile meno mbili za juu ili mutu asirekodi juu yake. Kisha izungushe yote kwenda na kurudi mara moja, pole, mbele ya kuipiga. Ikilia ao ikikwama, simamisha, usiilazimishe. Kichwa ya mashini ile ndiyo unaweza kuipanguza na alkol na pamba, na uiache ikauke. Usipige kaseti ya muzee mu mashini yenye haujaijaribu na kaseti ya bure.

Kuanrejistre na telefone haiko nguvu. Weka mode avion, juu appel moja inakata kila kitu. Chaji usiku wenye kuko kuranti, usingoje asubuhi juu unajua vile inakatika. Weka telefone karibu ya mudomo yake, juu ya kitambaa ili meza isipige kelele, mbali na grupe (mashini ya kuranti) ya jirani. Anza kila fayilo na sauti yako: tarehe, fasi, majina ya benye beko pale. Kama angali anashika gitari, mbele apige muombe apige kila kamba peke yake, moja moja bila kufinya kitu, juu ufundi ya bazee ya Katanga ilikuwa pia mu namna ya kukaza kamba na mutoto wa leo hawezi kuidivine. Kisha chukua video ya mikono, sura utachukua kisha. Ule mukono wa kuume, kidole kikubwa na kile cha kwanza, vile vinaongea kila moja kitu chake, njo urithi yenyewe.

Usiku ule ule tia kopi mu fasi mbili, moja isikae mu nyumba yako. Jina ya fayilo ianze na mwaka, mwezi, tarehe, kisha jina ya muzee. Andika mu Swahili vile alisema, usimutengenezee kifaransa yenye hakuongea.

Mbele ya kuonyesha batu, rudi umusomee yote kwa sauti. Kuko bintu atasema toa: ugonjwa, feza, bibi ya mutu. Toa, bila kubishana. Vingine atasema ongeza. Kisha peleka kopi kwa jamaa, ingine uulize ku Musée ya Lubumbashi, ile nyumba ya kuchunga bintu bya zamani, kama watapokea, na uombe karatasi yenye inaonyesha walipokea nini na siku gani. Na kama muzee anasema bazungu walimuanrejistre zamani na anataja Tracey, ile kazi ya Tracey iko mu ILAM, nyumba ya kuchunga muziki ya Afrika, kule Makhanda, Afrika Kusini. Waandikie na majina yote tatu yenye uliweka mu paji ya kwanza, pamoja na mji na mwaka yenye mama alikupatia.