Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Fainali ya Mpira wa Kimarekani wa Vyuo Vikuu

Fainali ya mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu huchezwa mara moja tu kwa mwaka, usiku wa Jumatatu mwezi Januari, na haina marudiano. Kwa sababu hiyo mashabiki wa vyuo viwili humiminika katika mji mmoja ndani ya siku mbili tatu, na mgeni asiyejipanga huishia kulipa fedha nyingi ili asimame kwenye foleni. Ninawaandikia hasa ndugu zetu wanaosoma au kufanya kazi Marekani, wazazi waliokwenda kuwatembelea, na wale watakaoamka usiku kuitazama kwenye runinga, kwa kuwa nimeona zaidi ya mara moja mtu akitoka uwanjani amenuna, na kilichomuudhi si mchezo bali ni mambo ambayo angeyamaliza akiwa bado nyumbani.

La kwanza ni kufahamu kwamba mji hujulikana mapema lakini timu hazijulikani. Uwanja huteuliwa miaka kadhaa kabla, ilhali timu mbili za mwisho hupatikana baada ya mchujo ambao tangu msimu wa 2024 unashirikisha timu 12. Kwa fainali ya Januari 20, 2025, iliyochezwa katika Mercedes-Benz Stadium mjini Atlanta, nusu fainali zilikuwa Januari 9 na 10, hivyo mashabiki wa Notre Dame na wa Ohio State walibakiwa na siku kumi hivi za kutafuta ndege, malazi na tiketi, wote kwa pamoja. Anayetaka kwenda aweke chumba miezi mingi kabla, tena chumba ambacho anaweza kukifuta bila kukatwa fedha, kisha asubiri kuona ni timu zipi zimefika. Tiketi zinazouzwa tena na mashabiki wengine mara nyingine hupita dola 1,000 hata kwa viti vya juu kabisa, na kwa bei hiyo sioni busara ya kununua kwa mtu uliyekutana naye barabarani.

Tiketi yenyewe siku hizi hukaa ndani ya simu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Mara nyingi msimbo wake hubadilika kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo picha ya skrini aliyokutumia rafiki haitakubaliwa mlangoni. Lazima akuhamishie tiketi rasmi kupitia programu iliyotumika kuinunua. Hamisha tiketi za familia nzima siku moja kabla, zifungue ukiwa na intaneti ya nyumbani, uzihifadhi katika pochi ya simu, kwa maana watu zaidi ya 70,000 wakikusanyika mahali pamoja mtandao hulemewa na ukurasa unaweza kuzunguka tu bila kufunguka. Chaji simu hadi ijae, na ubebe pawabenki ndogo. Simu ikizimika mlangoni ni sawa na tiketi iliyopotea.

Baada ya simu, angalia mkoba. Viwanja vikubwa vya Marekani huruhusu mfuko unaoonyesha vilivyomo ndani, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12, yaani takriban sentimita 30 kwa 15 kwa 30, pamoja na kipochi kidogo kisichozidi inchi 4.5 kwa 6.5, ambacho ni kama kiganja cha mtu mzima. Nguo za mtoto, nepi na chupa yake ya maziwa nazo zinaingia katika mfuko huo huo wa kuonyesha, na vifaa vya tiba hupitishwa baada ya ukaguzi wa pekee. Katika mechi moja ya vyuo niliyohudhuria, mama aliyekuwa mbele yangu alibeba mkoba wa ngozi wa kahawia, mzuri sana, ambao bila shaka alikuwa ameuchagua kwa ajili ya siku hiyo. Mlinzi hakuufungua hata kidogo. Alionyesha kwa kidole kibao kilichochorwa mikoba, akamwelekeza arudi alikotoka. Mama yule alimkabidhi binti yake koti, akavua viatu vya visigino, akavishika mkononi na kuanza kurudi kwenye maegesho akipishana na umati uliokuwa ukiingia. Sikumwona tena hadi robo ya pili kati ya robo nne za mchezo ilipokuwa inaelekea ukingoni. Mfuko wa plastiki angavu hauna gharama ya kusumbua mtu, na ningependa kila anayesoma hapa aununue leo.

Mchezo kwa kawaida huanza saa moja na nusu usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, lakini safari ya mlangoni ianze alasiri. Januari 8, 2018, timu za vyuo vya Alabama na Georgia zilipokutana kwenye fainali katika uwanja huo huo wa Atlanta, Rais wa nchi alihudhuria, ulinzi ukaongezwa, na mashabiki wengi walikwama nje kwenye mvua huku wakiwa na tiketi zao halali. Lenga kuwa umeshapita ukaguzi angalau saa moja na nusu kabla ya mpira kupigwa. Gari ni mzigo usiku huo. Anayetua uwanja wa ndege wa Atlanta, kwa mfano, anaweza kupanda treni ya MARTA hadi Five Points, abadilishe hapo na kushuka Vine City, hatua chache kutoka uwanjani. Nunua kadi ya kwenda na kurudi wakati wa kwenda, kwani usiku mashine huzungukwa na watu. Kwa anayeswali, magharibi ya Januari katika mji huo huingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, wakati ambao huenda yuko kwenye foleni au ameshaingia, kwa hiyo atafute mapema mahali patulivu pa kusimama.

Sasa niseme juu ya maandalizi ambayo watu huyaacha kabisa, nayo kwangu ndiyo makubwa kuliko yote: kujifunza hesabu ya mchezo. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isonge mbele yadi 10, ambazo ni kama mita 9. Ikifaulu, hesabu huanza upya. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani, na ndiyo maana kwenye jaribio la nne timu nyingi huupiga mbali kwa mguu au, zikiwa karibu, hujaribu kuupitisha kati ya nguzo mbili kwa alama 3. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho huitwa tachidauni, ina alama 6, na huifungulia timu nafasi ya kuongeza alama 1 kwa teke au 2 kwa kuingia tena. Zikitoshana, kila timu hupewa zamu ya kuanzia yadi 25 kutoka eneo la mwisho la mpinzani.

Usiku ule wa 2018, Alabama na Georgia walimaliza wakiwa 20 kwa 20. Georgia walianza muda wa nyongeza wakapata alama 3. Alabama walipopewa zamu, kijana wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa, aliyeingizwa baada ya mapumziko timu yake ikiwa nyuma 13 kwa 0, aliangushwa akiwa na mpira kwenye jaribio la kwanza akapoteza yadi 16. Kwa asiyejua hesabu, hilo lilikuwa ni rundo jingine la watu chini. Aliyeijua alishika kichwa, kwa sababu sasa lilikuwa jaribio la pili na zilihitajika yadi 26, huku nguzo zikiwa zimesogea mbali na mpigaji wa mguu. Tagovailoa akarusha mpira mrefu upande wa kushoto, DeVonta Smith akaudaka ndani ya eneo la mwisho, na mechi ikaisha 26 kwa 23. Ilikuwa ni rusha moja tu, na aliyekwenda kununua soda hakuiona.

Saa ya mchezo ina dakika 60, lakini husimama mara kwa mara, hivyo jipange kukaa saa tatu na nusu au zaidi. Kula kabla, kwa sababu chakula cha ndani ni ghali. Wakati wa mapumziko bendi za vyuo huingia uwanjani na ni hasara kuzikosa. Nenda msalani mapema kidogo, katikati ya robo ya pili. Mtoto mdogo mvalishe vizuia kelele vya masikioni.

Atakayetazama akiwa Dar es Salaam au Nairobi akumbuke kwamba mchezo unaoanza saa moja na nusu usiku kule ni saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne huku, ni saa nane na nusu kwa wenzetu wa Goma na Lubumbashi, na saa kumi na nusu alfajiri kwa walioko Muscat. Ataumaliza kukiwa kumekucha, kwa hiyo aombe ruhusa kazini mapema na ahakikishe kifurushi chake kina chaneli inayouonyesha.

Kwa walio uwanjani limebaki la kutoka. Mkubaliane kabla ya kuingia mahali pa kukutana, penye alama isiyohama kama sanamu au namba ya mlango, na kila mtoto abebe mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya mzazi.