Mbwa wa lupango: vya kumnyima kwenye sufuria yako

Goma mbwa wengi wa lupango, yaani wa uani, hawanunuliwi chakula. Wanakula kilichobaki: bugali, mchuzi, mifupa, sombe (kisamvu) ya jana. Orodha za vyakula vinavyodhuru mbwa huanza na chokoleti na zabibu, vitu ambavyo mbwa wa hapa anaweza kumaliza mwaka bila kuvinusa. Kwa hiyo tuanze na sufuria.

Kitunguu ndicho cha kwanza. Kiwe chekundu, cheupe, kitunguu saumu au majani yake, kibichi, cha kukaanga au kilichokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na moto hauondoi sumu hiyo. Hatari huanza mbwa anapokula kitunguu kinachofikia nusu ya asilimia moja ya uzito wake kwa mara moja. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni gramu 75, pungufu ya kitunguu kimoja cha wastani. Kidogo kidogo cha kila siku nacho hujumlika. Kinachowapoteza watu ni kuchelewa kwa dalili: siku kadhaa baadaye ndipo mbwa analegea, anahema akiwa amelala, ufizi unapauka na mkojo unageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Hapo zamu, mlinzi wa nyumba, atasema mbwa amelishwa sumu na wezi, na hakuna anayekumbuka mchuzi wa Jumapili.

Njia ni moja: chota chakula cha mbwa kabla kitunguu hakijaingia. Nyama au sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wakishachemka kwa maji matupu, toa fungu lake, weka pembeni lipoe, changanya na bugali. Ndipo uendelee na kitunguu, chumvi na mafuta yako. Sombe iliyoungwa usimpe.

Jambo la pili halizungumzwi sana, nalo linaua: unga na karanga zenye ukungu. Unga wa mahindi ukianza kunuka, desturi ni kusema "huu tutampikia mbwa". Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuacha sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo haraka. Kuchekecha hakusaidii, kuanika upya hakusaidii, na kuusonga bugali kwa muda mrefu hakuiondoi. Angalia pia zile karanga zilizosinyaa, nyeusi au chungu ambazo mama anazitenga kwenye ungo kabla ya kusaga. Sumu hukusanyika zaidi humo humo, na ndizo zinazomwagwa uani kwa kuku na mbwa. Zifukie. Mbwa aliyekula unga wa namna hiyo hukataa chakula, hutapika, kisha weupe wa macho na ufizi hugeuka manjano. Pengine baada ya siku chache, pengine baada ya wiki kadhaa za kulishwa unga uleule. Mfuko wa unga uinue juu ya mbao, usigusane na sakafu wala ukuta, maana unyevu wa huku hauna huruma.

Muhogo mbichi una sumu ya sianidi, hasa ule mchungu. Funika ndoo unamoloweka, mwaga maji yake mbali, na maganda yasiachwe chini. Hapa dalili hazichelewi: ndani ya dakika hadi saa chache mbwa anahema mbio, anayumba, anaweza kupata degedege.

Maji ya kulowekea makayabu, samaki wa chumvi, nayo ni mtego, kwani yana harufu ya samaki na mbwa huyanywa kwa pupa. Chumvi ya gramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya mbwa inatosha kumtia kiu kali, kutapika na mtetemeko. Mifupa iliyopikwa, ya kuku zaidi, huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo. Vijiti vya michikaki ni hivyo hivyo, na mbwa huvimeza kwa sababu vina mafuta.

Vingine kwa haraka. Chokoleti nyeusi, gramu 40 tu, inaweza kumsumbua mbwa wa kilo 10. Ya maziwa, kama gramu 100. Machicha ya kahawa, zabibu kavu, kasiksi (pombe ya ndizi) na machicha yake, unga wa mkate uliotiwa hamira ambao bado haujaokwa: vyote hapana. Kwenye chingamu na pipi zisizo na sukari tafuta neno xylitol au E967. Hiyo hushusha sukari ya damu ndani ya saa moja. Avoka inasingiziwa zaidi ya kosa lake. Nyama yake si sumu kubwa kwa mbwa. Kinachomwua ni kokwa kukwama tumboni.

Ukimshuku, inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde 2. Ikikawia, au ufizi ni mweupe, wa manjano au mwekundu mno, ondoka naye sasa.

Usimnyweshe mafuta ya mawese, maziwa wala maji ya chumvi. Mbwa aliyelegea huvivuta kwenye mapafu, na chumvi ni sumu ya pili. Makala (mkaa) ya jikoni yaliyotwangwa si ile dawa ya mkaa inayouzwa famasi. Kutapisha kunafaa tu ndani ya saa 2 hivi, kwa mbwa aliye macho timamu, na baada ya kumpigia veterineri. Akikubali, hutumika maji ya oksijene (peroksidi ya hidrojeni) ya asilimia 3, yaliyoandikwa "10 volumes" kwenye chupa: mililita 1 kwa kila kilo, yasizidi 45. Aliyemeza mfupa au kijiti hatapishwi kabisa.

Unapokwenda kwa veterineri beba karatasi ya kitu alichokula au matapishi kwenye mfuko, na uwe na majibu manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Kilo ni rahisi: panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe.