Mkutano wa mameneja miradi: jinsi ya kurudi na PDU zako (pointi za kuhuisha cheti) na watu wawili wa maana

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini alikuja mezani kwangu na laptopu mkononi, uso umemshuka. "Dada, nina PDU 60 kamili, mbona mfumo unasema bado 16?" Nikacheka, kisha nikamwonea huruma, maana shimo hilo nami nililitumbukia kwenye mzunguko wangu wa kwanza nikapoteza usiku mzima. Nimeamua kuyaandika ili mwingine akiniuliza nimtumie tu.

Hii ni kwa mwenye PMP, cheti cha meneja miradi kutoka PMI, taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa miradi. Kila miaka 3 unatakiwa kukusanya PDU 60, na saa moja ya kujifunza ni PDU moja. Mwenye CAPM, cheti cha PMI cha wanaoanza, anahitaji 15 tu, lakini taratibu za kuhudhuria na kurekodi ni hizi hizi.

Hatua ya 1: Chagua mkutano

Mimi ni mtu wa mikutano midogo ya jioni, ile ya chapta ya PMI, yaani tawi lake la wanachama, yenye mzungumzaji mmoja na watu thelathini hivi. Kongamano la siku tatu hotelini lina chakula kizuri, sikatai, ila mgeni rasmi akichelewa asubuhi imekwisha, na hotuba ya ufunguzi haina PDU. Angalia mada kabla ya ada. Kama umeshasikia mada tano za ratiba na bajeti, ya sita iache hata kama ni ya bure. Sababu utaiona hatua ya 4.

Hatua ya 2: Jisajili

Tumia baruapepe ile ile uliyofungulia akaunti yako ya PMI, na namba yako ya PMI iandike wakiiuliza. Mimi niliwahi kujisajili kwa baruapepe ya ofisi wakati akaunti niliifungua kwa ile ya zamani ya chuoni. Waandaaji walipopeleka orodha ya waliohudhuria, jina langu halikuoana na mtu yeyote.

Hatua ya 3: Ukumbini

Fika mapema. Najua foleni ya Dar. Kama mkutano uko Posta saa 11 jioni na wewe unatoka Mbezi, panda mwendokasi, gari liache nyumbani. Nusu saa ya kabla, watu wakiwa wamesimama na vikombe vya chai, inazaa kuliko mkutano wenyewe. Mzungumzaji akishamaliza kila mtu anakimbilia usafiri.

Usikae na watu wa ofisini kwako. Mtakaa wanne kwenye meza moja, mtamsengenya bosi, mtaondoka vile vile mlivyokuja.

Kuanza mazungumzo si kazi. Salimia vizuri, mtu mzima mpe shikamoo yake hata kama amevaa jinzi. Kisha uliza kuhusu mradi, cheo kitakuja chenyewe. "Uko mradi gani sasa hivi?" inafungua mlango kuliko "Uko kampuni gani?" Swali langu la pili siku zote ni moja: "Ni kitu gani kinakuchelewesha zaidi?" Hapo mtu wa barabara atakusimulia fidia za wananchi, wa mifumo atakusimulia mteja anayebadilisha mahitaji kila Jumatatu, na utashangaa matatizo yenu yanavyofanana. Watu wawili wanatosha kwa jioni moja. Kadi za biashara sizipendi, zinaishia kwenye droo. Hifadhi namba papo hapo na uiandikie jina pamoja na tatizo lake: "Hamisi fidia", "Neema mteja".

Hatua ya 4: Rekodi PDU (hapa ndipo penye kazi)

PDU za PMI zina pembetatu. Kwenye skrini utaziona pande zake kwa majina haya: Ways of Working, yaani mbinu zenyewe za kuendesha mradi, Power Skills, yaani uongozi, mawasiliano na kukaa na watu, na Business Acumen, yaani kuielewa biashara na mkakati ambao mradi unautumikia. Kwa PMP kila upande unahitaji angalau PDU 8. Mdogo wangu alikuwa na 60, zote upande wa kwanza. Pande mbili tupu, nane mara mbili, 16. Mfumo ulikuwa sahihi kabisa.

Kilichomponza si kukosa mikutano. Kila alipojaza fomu alitupia saa zote kwenye kisanduku cha kwanza, wakati fomu inakuruhusu kuzigawa. Mkutano wa saa 2 juu ya kujadiliana na wakandarasi unaweza kuwa saa 1 ya mbinu na saa 1 ya mawasiliano, kama kweli ndivyo ulivyokwenda. Vipande vya robo saa vinakubalika, yaani 0.25. Ila gawa kwa haki. PMI wanaweza kukuchagua kwa ukaguzi, na utahitaji kuonyesha ushahidi.

Kwa hiyo mambo haya usiyaruke:

Kama ni wewe unayejaza, ingia kwenye CCRS, mfumo wa PMI wa mtandaoni wa kurekodi PDU, usiku ule ule au kesho yake. Baada ya miezi sita hutakumbuka hata ukumbi.

Kabla ya kujaza chochote, uliza waandaaji kama watapeleka PDU hizo wao. Wakipeleka nawe ukapeleka, utakuwa na mkutano mmoja mara mbili. Wakisema watapeleka, mimi nasubiri wiki mbili, zisipoonekana najaza mwenyewe.

Mkutano wa jioni unaingia chini ya Education, aina ya Organization Meetings. Hesabu muda wa kujifunza tu. Chai, picha ya pamoja na utambulisho wa wageni havimo.

Piga picha tangazo lenye mada na tarehe, na utunze cheti au ujumbe wa kuthibitisha usajili kwenye folda moja. Vitunze hadi miezi 18 baada ya mzunguko kuisha. Mimi nina folda kwenye Google Drive na nakala kwenye flashi, kwa sababu simu zinaibiwa.

Ukiwa mzungumzaji au ukijitolea kwenye chapta, saa hizo huenda Giving Back, na mwisho wake ni 25. Angalau 35 lazima zitoke kwenye kujifunza.

Na kama wewe pia ni mhandisi, pointi za ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, ni hesabu nyingine kabisa, usizichanganye.

Mdogo wangu yuko mwaka wake wa mwisho wa mzunguko, kwa hiyo tulimpangia webina za jioni, nane za uongozi na nane za biashara, saa moja moja. Zile 16 zitakazozidi juu ya 60 hazitapotea zote: zilizopatikana ndani ya miezi 12 ya mwisho zinahamia mzunguko unaofuata, mpaka 20.

Hatua ya 5: Watumie ujumbe

Ndani ya siku mbili, WhatsApp, sentensi mbili. Mkumbushe mlipokutana na umtumie kitu kinachogusa tatizo lake, hata kama ni kiolezo cha rejista ya hatari ulichokitengeneza mwenyewe. Usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza.