Ukiachiwa ofisi: namna ya kukaimu bila kujichongea

Mtu anaweza kuwa naibu miaka mitano asikaimu hata siku moja. Unaibu ni cheo chako cha kila siku. Ukaimu una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na unaletwa na barua. Wanaoumia zaidi ni wale walioambiwa mlangoni tu, "Mimi nasafiri, utaniangalizia ofisi," wakaanza kusaini.

Kwa hiyo dai barua kabla mkuu hajaondoka. Itaje cheo unachokaimu, tarehe zote mbili, unachoruhusiwa (malipo hadi kiasi gani, likizo, mikataba) na ulichozuiwa. Nakala iende masijala, kwa wakuu wa idara na hasa kwa mhasibu, maana yeye ndiye atakayekukatalia hati ya malipo ikiwa hana karatasi mkononi. Mkuu akiugua ghafla, andika dokezo siku hiyohiyo ukieleza nani alikuagiza na saa ngapi, uliweke kwenye jalada, kisha fuatilia barua.

Makabidhiano yasifanyike mkuu akiwa anawahi gari. Andaeni hati, msaini wote wawili: majalada yanayosubiri uamuzi, vikao na tarehe za mwisho, funguo, mihuri, gari na kilomita zake. Fedha taslimu zihesabiwe mbele ya mhasibu na zilingane na daftari. Kwenye kitabu cha hundi usiandike "kitabu kimoja". Andika namba ya hundi ya mwisho iliyotumika na ya kwanza iliyobaki. Karatasi moja ikikosekana baadaye, hati itaonyesha imepotea mikononi mwa nani.

Nywila ya mkuu usiipokee hata akiisukuma kwako. Mfumo utaandika kwamba malipo yameidhinishwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa Dodoma kwenye kikao, na mkaguzi ataanzia hapohapo. Omba upewe mamlaka ya muda kwa jina lako. Benki nako, barua ya kukaimu peke yake haikufanyi mtia saini: kama sahihi yako haimo kwenye kumbukumbu zao, hundi itarudi. Ofisi inayojipanga humwingiza naibu benki mapema, hakuna anayesafiri bado.

Sasa sahihi, mahali panapokosewa kila wiki. Ukisaini kwa niaba ya mkuu (kifupi chake "Kny"), chini ya barua huandikwa:

(sahihi yako)
Jina lako
Kny: MKURUGENZI MTENDAJI

Hapo mkuu bado yuko kwenye kiti, uamuzi ni wake, wewe umetia mkono tu. Ukiwa umekaimishwa, mstari wa mwisho unakuwa KAIMU MKURUGENZI MTENDAJI, na utakachosaini utakijibu wewe. Anayeandika "Kny" wakati amekaimishwa huwa anadhani amejikinga. Kwa kweli amezua swali la nani aliamua. Kuiga sahihi ya mkuu, hata kwa ruhusa yake, ni kujitafutia kesi ya kughushi.

Mipaka ya kaimu ipo hadi Ikulu. Ibara ya 134 ya Katiba ya Kenya inamzuia anayeshika nafasi ya Rais wakati Rais hayupo asiteue majaji wala kutoa msamaha kwa wafungwa. Uhuru Kenyatta alipokwenda The Hague Oktoba 2014 na kumwachia naibu wake William Ruto madaraka, mipaka hiyo ilikuwepo. Tofauti kabisa na Machi 2021 Tanzania: Samia Suluhu Hassan hakukaimu, aliapishwa kuwa Rais kamili baada ya kifo cha John Magufuli.

Katika ofisi ya kawaida, kipimo ni kimoja: jambo hili likisubiri mkuu arudi, nani ataumia? Mishahara, zabuni inayofungwa Ijumaa, mtumishi aliyefiwa anayeomba ruhusa: amua leo. Kuhamisha watu, kufuta agizo la mkuu, kupanga upya ofisi yake: acha. Wala usimkaimishe mwingine mamlaka uliyoazimwa. Ukilazimika kutoka, rudi kwa aliyekupa. Kila uamuzi uandike kwenye daftari: tarehe, jambo, ulichoamua, namba ya jalada.

Kiti kikiwa wazi kabisa, muda una ukomo. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ya 2017 inaweka siku zisizopungua 30 na zisizozidi miezi sita. Tanzania, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 nazo zinazungumzia miezi sita. Fuatilia kibali cha kukaimu mwanzoni kabisa, kwa sababu madai ya posho ya kukaimu hukwama pale mtu anapoanza kutafuta kibali kazi imeshaisha. Na kukaimu muda mrefu hakukupi haki ya kuthibitishwa.

Mkuu akirudi, mpe taarifa ya ukurasa mmoja na mkabidhiane kwa hati ileile, muhuri urudi siku hiyo. Akichelewa, omba barua ya kuongeza muda kabla ya ile ya kwanza kwisha. Ikiwa barua yako inaishia tarehe 14, hati ya malipo uliyosaini tarehe 15 haina mwenyewe, hata kama ndege ya mkuu ndiyo iliyoahirishwa.