Maji yakirudi na tope, dawa isubiri

Huku Mwanga, Kigoma, bomba likikauka siku mbili, maji yakirudi huwa na rangi ya chai. Usitie klorini papo hapo: tope huila dawa kabla haijawafikia vijidudu. Ndoo ya kwanza iwe ya kudekia. Inayofuata iache itulie usiku kucha, umimine taratibu yale ya juu, mashapo yabaki chini, uchuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Ndipo utie dawa kwa kipimo cha pakiti na kusubiri dakika 30. Kabla ya kutia dawa, mimi huyatazama kwenye chupa angavu dirishani. Uchafu ukiwa bado unaelea, nachuja tena. Yakinuka mafuta au dawa ya shambani, msinywe kabisa, hasa watoto: klorini na kuchemsha haviondoi sumu hiyo.