Si kila muwasho ni fangasi: namna ya kuutambua na kuutibu ukavu ukeni

Mwanamke anayesumbuliwa na muwasho, kuwaka moto na maumivu wakati wa tendo la ndoa mara nyingi hufika duka la dawa kabla ya kumwona daktari, na huko hupewa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Ikiwa kilichomsumbua ni ukavu, vidonge hivyo havitamfaa, naye baada ya wiki chache atarudi kununua vingine, safari hii akiongeza sabuni ya dawa au maji ya ndimu kwa kuamini kwamba hajajisafisha vya kutosha. Kila anapojiosha ndani ukavu huzidi, na kila unapozidi hujiosha tena. Hatua ya kwanza ya tiba, kwa hiyo, ni kujua ni tatizo gani linalotibiwa.

Fangasi huleta muwasho mkali pamoja na uchafu mzito mweupe mfano wa maziwa mgando, ambao kwa kawaida hauna harufu kali. Bakteria wanapokosa uwiano ukeni, uchafu huwa mwepesi, wa kijivujivu, wenye harufu ya shombo inayosikika zaidi baada ya kujamiiana. Ukavu hufanya kinyume: ute wa kawaida hupungua au hutoweka, ngozi ya mlango wa uke huhisi imekazana na kukwaruzika, na baada ya tendo huonekana michubuko midogo au matone ya damu. Wengine hupata maumivu hata wanapokaa kwa muda mrefu au wanapovaa suruali ya kubana. Wapo pia wanaohisi mkojo ukichoma unapopita kwenye ngozi hiyo iliyochubuka, wakatibiwa UTI mara kwa mara ilhali vipimo vya mkojo havionyeshi maambukizi yoyote. Dalili hizi zinaweza kuchanganyikana, ndiyo maana kipimo cha majimaji ya ukeni, ambacho ni rahisi na hufanyika katika vituo vingi vya afya, kina thamani kuliko kubahatisha dawa.

Kinachoufanya uke uwe laini, wenye unyevu na unaovutika ni homoni ya estrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ovari. Homoni hiyo huneemesha ukuta wa uke na kuuwezesha kuhifadhi sukari inayowalisha bakteria walinzi, nao hutoa asidi inayozuia vijidudu vibaya. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, pH ya uke, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi inapozidi, huwa kati ya 3.8 na 4.5. Estrojeni inaposhuka, ukuta huo huwa mwembamba, damu inayoufikia hupungua, pH hupanda kupita 5, na maambukizi ya njia ya mkojo hupata mwanya. Hali hii huja hasa mwanamke anapokoma hedhi, na wengi hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Tofauti na joto la ghafla na jasho la usiku, ambavyo kwa wengi hupoa kadiri miaka inavyopita, ukavu usiotibiwa huelekea kuongezeka, hivyo ushauri wa “vumilia, utaisha wenyewe” haufai hapa.

Hata hivyo ukavu si wa wazee peke yao. Mama anayenyonyesha hupata hali hii kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa huikandamiza estrojeni, na kwake kweli ni jambo la muda: ute hurudi mtoto anapopunguza kunyonya. Baadhi ya wanaotumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huupata pia, nao wanapaswa kuzungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine kabla ya kuiacha sindano. Dawa za mafua na mzio kama piriton, zinazokausha pua na kinywa, huweza kuukausha uke vilevile. Baadhi ya dawa za sonona, tiba za saratani ya matiti na mionzi inayotumika kutibu saratani ya mlango wa kizazi ni sababu nyingine. Mwenye macho na kinywa vikavu pamoja na uke mkavu amweleze daktari yote matatu kwa pamoja, kwa kuwa yanaweza kuwa ugonjwa mmoja. Na iko sababu isiyo ugonjwa kabisa: tendo kuanza kabla mwili wa mwanamke haujawa tayari, kwa haraka, kwa hofu au kwa kukosa kuandaana.

Ukishaelewa chanzo, anza kwa kuacha. Uke hujisafisha wenyewe. Sehemu ya nje ioshwe kwa maji matupu, na ndani pasiingizwe kidole chenye sabuni, ndimu, dawa ya kuua vijidudu wala manukato. Kufukiza na kuweka shabu, ugoro au unga wa mitishamba ili “kubana” ni madhara ya wazi. Imani kwamba uke mkavu ndio unaompendeza mwanamume ipo katika sehemu nyingi za Afrika, na gharama yake ni michubuko inayorahisisha kupenya kwa VVU na magonjwa mengine ya zinaa, pamoja na kondomu kupasuka kwa msuguano. Kuhusu maji ya bamia, yanayosifiwa sana mitandaoni, bamia ni mboga nzuri, lakini ule mlenda wake humeng'enywa tumboni na hauna njia ya kufika ukeni ukiwa mlenda.

Kwa ajili ya tendo lenyewe, tumia kilainishi. Duka la dawa ukiomba jeli ya kulainisha utaeleweka, na wengi huiita KY hata ikiwa ya kampuni nyingine. Chagua inayochanganyika na maji, isiyo na harufu, rangi, ladha wala kitu cha kuleta joto au ubaridi, na isiyo na dawa ya kuua mbegu za kiume, ambayo huchubua. Wenye ngozi nyepesi kuumia wakwepe jeli zenye gliserini nyingi, kwa kuwa huvuta maji kutoka katika seli za uke. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2012. Paka kwenye mlango wa uke, ndani kidogo, na kwenye uume au juu ya kondomu, kisha ongeza tena inapokauka, kwani jeli ya maji hukauka upesi. Ya silikoni hudumu zaidi na haiharibu kondomu za mpira. Vaseline, mafuta ya nazi na losheni huzidhoofisha kondomu hizo, kwa hiyo visitumike pamoja nazo. Mate hukauka mara moja na huweza kubeba vijidudu.

Kilainishi hakitibu, hupunguza msuguano wa saa ile tu. Mwenye ukavu wa kila siku anahitaji jeli ya kuutunza unyevu, ambayo huwekwa ukeni kila baada ya siku mbili au tatu, iwe kuna tendo au hakuna, na hufaa zaidi kuwekwa usiku wakati wa kulala ili isitoke. Si kila duka huwa nayo, hivyo uliza kwenye famasi kubwa.

Ikiwa hayo hayatoshi na chanzo ni kukoma hedhi, tiba yenye nguvu ni estrojeni ya ukeni, kwa krimu, kidonge kidogo au pete, kwa cheti cha daktari. Krimu na vidonge kwa kawaida hutumiwa kila usiku kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mara mbili kwa wiki. Nafuu huanza baada ya wiki chache, na huweza kuchukua miezi mitatu kukamilika. Anayekata tamaa siku ya kumi anaiacha dawa ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi. Kiasi kinachoingia katika damu ni kidogo sana, tofauti na vidonge vya homoni vya kumeza. Isipakwe kama kilainishi kabla ya tendo, na ikumbukwe kwamba baadhi ya krimu hizi nazo hudhoofisha mpira wa kondomu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asiianze kabla ya kushauriana na daktari anayemtibu saratani hiyo.

Mume naye aelezwe, kwa maneno ya moja kwa moja na wakati ambao si wa kitandani, kwamba ukavu hauna maana ya kutopendwa wala si dalili ya usaliti, na kwamba mwili unahitaji muda mrefu zaidi wa kuandaliwa kuliko zamani. Tendo lisimame linapouma. Mwanamke anayevumilia maumivu kila mara huishia misuli yake ya uke kujikaza yenyewe kabla hajaguswa, na hapo jeli peke yake haitoshi.

Damu yoyote inayotoka baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, ipelekwe hospitali bila kusubiri, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi au ya mlango wake. Fanya hivyo pia ukiona kidonda, uvimbe, weupe mpya kwenye ngozi ya nje au uchafu wenye harufu. Usiweke dawa wala jeli yoyote ukeni kwa siku mbili kabla ya kupimwa, nenda na majina ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji, na kama hujachunguzwa mlango wa kizazi kwa miaka kadhaa, omba ufanyiwe siku hiyohiyo.